Gari la baba na kutu yake: Litibu huku ukiliendesha

Kuna ugonjwa mmoja wa gari usiopiga kelele. Injini ikichoka hukohoa, breki zikiisha hulia, na betri ikifa unaachwa kando ya barabara ukiomba wapita njia wakusukume. Lakini kutu hula kimya kimya, chini ya zulia na nyuma ya rangi nzuri, hadi siku unapokanyaga sakafu ya gari na kuihisi inabonyea kama kadibodi iliyonyeshewa.

Msomaji wetu mmoja wa mtaa wa Lanet, Nakuru, ametuuliza swali ambalo bila shaka linawasumbua wengi. Ana gari aina ya Peugeot 504, steshen-wagoni, aliloachiwa na marehemu babake. Kila asubuhi gari hilo huwapeleka watoto watatu shuleni, kisha humfikisha mama watoto sokoni na mizigo yake, halafu humpeleka yeye kazini. Hawana gari jingine. Sasa kutu imetokeza chini ya milango na sakafuni.

Fundi wa kwanza alimwambia aliache gari gereji kwa miezi miwili. Fundi wa pili aliahidi kulimaliza alasiri moja tu kwa fila na rangi, kutu isionekane tena. Ndugu zake nao wanamshauri aliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yeye anauliza: je, haiwezekani kulitibu gari hili kidogo kidogo huku likiendelea kufanya kazi yake?

Inawezekana, ndugu msomaji. Lakini kuna sharti moja ambalo usipolishika ni heri uwape wanunuzi wa vyuma. Usianze na kutu inayoonekana. Anza na kutu inayoweza kuua. Watu wengi hufanya kinyume. Hupaka rangi madigadi ili majirani wasicheke, na huku sakafu iliyobeba viti vya watoto inaoza.

MAGARI YENYE HISTORIA

Si ajabu kwamba magari haya yangali barabarani katika eneo la kati la Bonde la Ufa. Peugeot ilijijengea jina hapa kwa jasho. Gari la 404 lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha likashinda mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 alishinda mwaka 1975 akiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 akiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Wazee wa Nakuru wanakumbuka pia zile steshen-wagoni za abiria zilizokuwa zikikimbia kwenda Nairobi, watu wamebanana ndani na mizigo imefungwa juu.

Ukienda Njoro, Molo au Subukia utakuta Land Rover za zamani mashambani, na mijini bado utamwona Volkswagen mgongo wa kobe akipanda mlima taratibu. Magari haya yalitengenezwa yarekebishwe kwa spana na nyundo. Mafundi wetu wa jua kali wanayajua kama viganja vya mikono yao. Hiyo ni sababu nzuri ya kuyahifadhi. Hata hivyo mapenzi peke yake hayazuii kutu.

KUTU HUTOKA WAPI?

Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu. Kukiwa na chumvi kazi hiyo huenda mbio zaidi. Ndiyo maana gari lililokaa miaka mingi Mombasa huliwa na upepo wa bahari, na ndiyo maana baadhi ya magari yaliyotumika Japani huja yameliwa chini, kwa kuwa katika sehemu zenye theluji barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi.

Sisi wa Nakuru hatuna bahari wala theluji, lakini tuna mambo yetu. Barabara za murramu hurusha kokoto zinazobandua rangi ya chini ya gari. Vumbi huingia kwenye kila pembe na kukaa humo. Mvua ikija, vumbi hilo hunyonya maji kama sifongo na kuyashikilia kwenye chuma kwa siku nyingi. Anayeishi upande wa Molo au Mau anajua pia ukungu na umande wa huko, ambapo gari lililolala nje huamka limelowa hata kama hakukunyesha.

Jambo jingine ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa zaidi ya chuma ilichokula. Ndiyo sababu rangi huvimba na kutoa malengelenge. Ukiona lengelenge dogo kama punje ya mahindi, jua kwamba chini yake kidonda ni kikubwa zaidi, na mara nyingi kimeanzia upande wa ndani.

KWANZA CHORA RAMANI

Kabla hujampa fundi hata shilingi moja, tumia Jumamosi nzima kulichunguza gari. Lioshe chini kwa maji mengi, liache likauke, kisha toa mazulia yote. Chukua tochi, bisibisi kuukuu, nyundo ndogo, chaki na sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi.

Gongagonga taratibu. Chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Penye shaka, sukuma kwa bisibisi. Ikipenya, hapo hapana chuma tena. Pitisha sumaku juu ya bodi: isiposhika, ujue mtu alishapita hapo zamani na fila. Kila mahali palipooza weka alama ya chaki, kisha andika daftarini.

Kwenye gari kama 504, kagua ule ukingo wa chini ya milango ambao mafundi huuita sili, sakafu chini ya miguu ya dereva na abiria, pindo za juu ya magurudumu, chini ya kioo cha mbele, na sehemu ya chini ya kila mlango. Mwenye Volkswagen mgongo wa kobe ainue kiti cha nyuma, maana betri hukaa hapo na asidi yake hula sakafu. Mwenye Land Rover asidanganywe na mwili wa aluminiamu usioota kutu nyekundu. Chesisi yake ni ya chuma, na pale aluminiamu na chuma vinapogusana penye unyevu, kuoza huwa kwa kasi.

YALE YANAYOUA

Ukishapata ramani yako, gawa alama zako katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la hatari, na halingoji mwisho wa mwezi. Hapa pana matundu ya sakafu, hasa ikiwa bomba la moshi nalo limetoboka. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia ndani kupitia sakafu, anayeketi nyuma ndiye huivuta. Ukiona watoto wanalalamika kichwa au wanasinzia kila safari, usiseme ni uchovu wa masomo. Liegeshe gari siku hiyo hiyo.

Katika fungu hilo weka pia mahali mikanda ya usalama na viti vilipofungwa, mahali shokomzoba na springi zinapoegemea, paipu za chuma za breki, na sili. Saluni na steshen-wagoni za 504 hazina chesisi ya kando kama ya lori. Mwili wenyewe ndio mifupa, na sili ni kama boriti ya nyumba. Sili ikioza, gari huinama katikati, na siku ya ajali hukunjika mahali ambapo halikupaswa kukunjika.

Fungu la pili ni matundu yasiyobeba uzito, kama vile chini ya mlango, ukingo wa buti na pindo za madigadi. Haya yanaweza kungoja wiki kadhaa. Fungu la tatu ni kutu ya juu juu na malengelenge madogo ya rangi. Hili linafuata mwisho, ingawa ndilo linalokuaibisha mbele ya watu.

Fungu la kwanza likiwa na alama nyingi, usiendeshe gari hadi litengenezwe. Hapo matatu itawahusu kwa wiki moja au mbili. Nauli ni ghali, lakini mazishi ni ghali zaidi.

JUMAMOSI MOJA, KIDONDA KIMOJA

Baada ya fungu la kwanza kumalizika, sasa gari linaweza kufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa na kulala hospitalini Jumamosi. Siri ni kuchagua kidonda kimoja tu kila mara na kukimaliza. Usikubali fundi afungue mambo manne kwa mpigo. Utajikuta Jumapili jioni gari halina mlango na watoto wanataka kwenda shule.

Kumaliza kidonda maana yake ni hii: toa rangi hadi kufikia chuma kinachong'aa, si chuma cheusi. Kata sehemu yote iliyooza hadi ufike penye chuma kizima. Chomelea kiraka cha bamba jipya. Saga mshono, safisha mafuta yote, paka praima, kisha paka rangi.

Zingatia hilo la mwisho, maana hapo ndipo wengi wanaoendesha gari likiwa matengenezoni huharibikiwa. Praima ya kawaida ya kijivu haizuii maji, bali hunyonya. Ukilizungusha gari mjini mwezi mzima likiwa na mabaka ya kijivu, maji yanapita na kutu inaanza upya chini yake. Kama huna pesa za rangi kamili, funika praima kwa rangi yoyote ya gari iliyo karibu na yako. Au mwombe fundi atumie praima ya epoksi, ambayo huzuia maji vizuri zaidi. Uzuri utakuja baadaye. Na chuma kilichong'arishwa kisilale wazi hata usiku mmoja, kwani umande wa Nakuru unatosha kukirudisha kwenye kutu ifikapo asubuhi.

Kutu nyepesi ambayo haijatoboa unaweza kuitibu mwenyewe. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa, paka dawa ya kugeuza kutu, ngoja iwe nyeusi kama inavyoelekezwa kwenye mkebe, kisha praima na rangi. Vaa glavu, dawa hiyo ina asidi. Usiitumie kwenye kutu nene inayobanduka kwa magamba, haitafika chini.

Januari na Februari ni miezi mizuri kwa kazi hii kwa sababu ya jua, ingawa ni miezi ya karo pia. Hapo ndipo daftari lako linapokufaa. Sili moja sasa, nyingine baada ya mshahara ujao, alimradi yote mawili ya hatari yawe tayari kabla ya mvua ndefu za Machi. Rangi ipakwe asubuhi kabla upepo wa mchana haujaanza kurusha vumbi, na ardhi imwagiwe maji kwanza.

FILA SI CHUMA

Turudi kwa yule fundi wa alasiri moja. Fila ni kitu kizuri. Kazi yake ni kusawazisha mabonde madogo juu ya chuma kizima. Haikuumbwa kuziba tundu. Mafundi wengine hujaza magazeti au wavu ndani ya sili, wakasiliba fila na kupaka rangi. Ikitoka hapo inang'aa kama mpya. Lakini fila hunyonya maji, na nyuma yake kutu hupata nyumba yenye giza na unyevu. Miezi michache tu na kipande kizima kinaanguka barabarani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna na hila ya kuchomelea bati la kuezekea nyumba au la debe. Bati la nyumba la geji 30 ni jembamba mno, karibu theluthi moja tu ya milimita. Uliza bamba la geji 20 kwa bodi ya kawaida, na geji 18, ambalo ni nene zaidi, kwa sili na sakafu. Isitoshe, bati la nyumba limepakwa zinki, na moshi wake wakati wa kuchomelea humdhuru fundi.

Usione haya kusimama karibu na kutazama kabla fila haijapakwa. Mwambie fundi kwa heshima: "Fundi, kabla hujafunika, niite nione chuma." Fundi mwaminifu atafurahi kuonyesha kazi yake. Anayekasirika umeshamjua.

MOTO, JEKI NA WATOTO

Kuchomelea gari linalotumiwa kila siku kuna hatari zake, kwa kuwa tangi lina petroli na nyaya zote zi hai. Hakikisha betri na altaneta zimetolewa nyaya, mazulia na viti vimeondolewa, na ndoo ya mchanga au kizima moto kiko karibu. Kazi ikiwa karibu na tangi, tangi lenyewe litolewe kabisa na kuwekwa mbali. Tangi tupu si salama. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kuliko hata petroli yenyewe.

Kamwe mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka stendi imara, si mawe ya kuokota. Na sili zisikatwe pande zote mbili kwa pamoja. Kata upande mmoja, gari likiwa limeegemezwa sawasawa, umalize ndipo uhamie wa pili. Kabla ya kukata, pima mwanya wa milango. Wapo waliokata ovyo wakakuta milango haifungi tena, kwa kuwa mwili umeinama.

Kijana wako anaweza kushika tochi, kuandika daftari na kusafisha matundu. Ni elimu nzuri. Lakini mkwaruzo wa rangi kuukuu si wa watoto, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Tumia msasa wa maji ili vumbi lisipae, na uvae barakoa. Na zile rangi za kuchanganywa na dawa ya kukaushia, ambazo mafundi huziita 2K, zisipulizwe uani nyumbani. Mvuke wake huharibu mapafu na huhitaji vifaa maalumu.

ILI ISIRUDI

Kila mlango na kila sili ina vitundu vidogo chini vya kutolea maji. Vikizibwa na matope, maji hukaa ndani kama kwenye sufuria. Vizibue kwa waya kila mwezi. Osha gari chini baada ya safari za matope. Mazulia yakilowa, yatoe yakaukie juani, na utafute maji yanakotoka: mara nyingi ni mpira wa kioo cha mbele uliokauka na kupasuka.

Baada ya kuchomelea, mwambie fundi apulize nta au mafuta safi ndani ya sili na milango. Kiraka kilichopakwa rangi nje na kuachwa kitupu ndani kitaoza tena kwa ndani. Ile tabia ya kupaka oili chafu ya injini chini ya gari iache. Ina asidi na uchafu, hulainisha mipira na kuiharibu, huchuruzika ardhini, na si salama kwa ngozi ya mtu.

LINI USEME BASI?

Nimalizie na lile la ndugu zake msomaji wetu. Lipo gari lisilostahili kutibiwa. Ikiwa mahali shokomzoba zinapoegemea, sili zote mbili na sakafu vimeoza pamoja, hata fundi hana chuma kizima cha kushikiza kiraka, hapo hulitengenezi tena gari bali unaunda jipya. Liuze kwa vipuri, na aliyebaki na injini ya baba atakuwa amebaki na kitu.

Lakini kama ramani yako ina alama sita au saba na mbili tu ndizo za hatari, usikubali kutishwa. Zimalize hizo mbili kwanza, gari likiwa limeegeshwa. Zilizobaki ni kazi ya Jumamosi nne au tano, na Jumatatu watoto wakapanda gari lao kama kawaida. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bei ya ukuta tunaijua sote.

Leo jioni, kabla ya kulala, inua zulia moja tu la gari lako uangalie kilicho chini. Hadi Jumapili ijayo, safari njema.